Namba Niliyokuwa Nikiwasomea Kila Asubuhi

Nekesa mwanangu,

Begi lako kubwa liko mlangoni. Lile dogo umekwenda nalo Kyambogo kuwaaga wenzako uliosoma nao. Nimeona umelikunja koti la mama yako ukaliweka juu ya nguo zote, mahali ambapo mkono unafika upesi. Sikuligusa. Nimekaa kwenye meza ya jikoni, upande wa dirisha, na huko nje watoto wa jirani bado wanacheza huku mama yao akiwaita waje kuoga. Nina muda mpaka urudi.

Hutakuta humu habari za kula vizuri wala kufunga mlango. Tangu mama yako atutoke, wewe ndiye umekuwa ukinikumbusha mimi mambo hayo. Nataka kuandika yale tuliyoyapita kimya katika nyumba hii ndogo ya Bukoto, mimi na wewe, kama watu wanaopishana kwenye ngazi na kila mmoja anampa mwenzake nafasi.

Unakwenda Nairobi kuhamisha data za kampuni ya bima, kutoka kwenye mashine zao kwenda kwenye hilo mnaloliita wingu. Ni kazi ileile uliyoifanya hapa. Uliniambia kwamba katika usaili walikuuliza kwa nini mkataba wako wa Kampala haukuendelea, na kwamba uliwaeleza kila kitu. Hukuniambia ulinitaja vipi. Nami nikaogopa kuuliza.

Nianze na kile chumba.

Unajua nilikuwa fundi wa jenereta pale kampuni ya mabasi na vifurushi, karibu na Nakivubo. Ila hujui nilivyokuwa nikikipenda chumba cha seva. Sisi wafanyakazi wa chini tulikiita friji. Kazi yangu ilikuwa umeme ukikatika, jenereta ishike kabla betri hazijachoka, na viyoyozi visisimame. Mimi niliishia darasa la saba. Kilichokuwamo ndani ya zile mashine sikukijua, mpaka mama yako aliponiambia.

Yeye alikuwa kaunta ya vifurushi. Alipima mzigo, akaandika jina la anayetuma, jina la anayepokea na mji unakokwenda. "Yote ninayoandika yanakuja humu kwako," aliniambia. "Ukiyaacha yapate joto nitakuja kukushtaki." Mchana wa jua kali alikuja na chakula chake, viazi vitamu na odi, ile siagi ya ufuta ambayo mama yake alimtumia kutoka Gulu. Ndani hapakuruhusiwa chakula, kwa hiyo alisimama mlangoni, nami niliuacha wazi kidogo ili baridi imfikie miguuni. Alivua viatu. Vilikuwa vya kahawia, na cha kulia kimelika upande wa nje kwa jinsi alivyokanyaga. Bado naviona vile viatu kuliko ninavyouona uso wake, na hilo linanisumbua.

Lugha yetu ilikuwa hii ninayokuandikia. Mimi sikujua Kiacholi, yeye hakujua Kisamia, na Kiganda wote wawili tulikijua cha kununulia nyanya. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya polisi alikokulia. Alisema changu ni cha mchungaji anayeomba sadaka, nami nikamwambia chake ni cha mtu anayekagua gwaride. Tulicheka hivyo mpaka wewe ukazaliwa ukavichanganya vyote viwili.

Alipougua hakukaa sana. Tukampeleka Samia, tukamzika kwetu, tukarudi. Wewe ulirudi chuoni, mimi nikarudi kwenye jenereta.

Baada ya muda nilikwenda kaunta kumtumia ami yako blanketi. Yule binti mpya alinipa risiti, nikaisoma nikiwa nimesimama pale pale. Chini kabisa, mahali panapoandikwa jina la aliyekuhudumia, paliandikwa AKELLO ROSE.

Nilimwendea msimamizi wa kaunta, yule tunayemwita Ssalongo kwa ajili ya mapacha wake. Aliona haya. Alinieleza kwamba mama yako ndiye pekee wa kaunta aliyepewa ruhusa ya kusahihisha kifurushi kilichoandikwa vibaya. Alipofariki, hakuna aliyekumbuka kuomba ruhusa hiyo kwa mtu mwingine, na nenosiri lake walilijua wote. Basi waliendelea kuingia kwa jina lake. Kisha akaniambia, kwa kunipoza, "Mzee, Mama Nekesa bado iko kazini. Sisi tu ndiyo tunachoka."

Nenosiri lilikuwa jina lako na mwaka uliozaliwa. Fikiria hilo. Vijana walioajiriwa baada ya msiba, ambao hawakumwona Rose hata siku moja, waliandika Nekesa kila asubuhi ili kazi ianze.

Ningeweza kumwambia Ssalongo waache. Badala yake nilikunja ile risiti nikaiweka kwenye mfuko wa shati. Zile karatasi wino wake haudumu, unajua. Ilipofifia ikawa nyeupe, nikatuma kifurushi kingine. Sukari. Kisha sabuni. Kisha betri za redio. Mwishowe ami yako alinipigia akaniuliza, "Kaka, huku sukari ipo. Wewe una nini?" Nikamwambia nakumbuka nyumbani. Ilikuwa kweli, ila nyumbani penyewe hapakuwa Samia.

Halafu wewe ukamaliza chuo, ukaajiriwa palepale, katika kundi la kuhamisha data. Nilijivuna mpaka nikaona aibu. Ulinieleza kwenye meza hii hii. Ulisema kazi ni kama kuhama nyumba bila kufunga duka: kila kinachoingia nyumba ya zamani kinanakiliwa kwenye mpya, mpaka nyumba mbili zinafanana, ndipo siku moja watu wanaambiwa waingilie mlango mpya. Data zilikuwa nyingi kwa miaka yote ile, na mtandao wetu mwembamba. Asubuhi kabla ya chai ulifungua kompyuta yako uone zimefika wapi, kama mtu anavyofunua sufuria ya maharagwe. Nikakuuliza, nyumba mpya ikishakamilika, ya zamani inafanywa nini? Ukakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani.

Siku ya kuzima mlinialika. Nilikuwa nimeshastaafu, nimeagwa kwa saa ya ukutani na soda. Uliniita nisimame karibu nawe, na wenzako wakazima mashine moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimeishi na ule mvumo miaka mingi hata nikasahau kwamba ni sauti. Ulipokoma niliweka kiganja juu ya mashine ya mwisho. Bado ilikuwa na joto. Ulinishika bega, na sikugeuka kukutazama. Ningegeuka siku ile, labda mengine yote yasingetokea.

Sasa nakuja kwenye lile lililokugharimu.

Katika mfumo mpya kila mfanyakazi alitakiwa aingie kwa jina lake mwenyewe, na kila asubuhi namba ije kwenye simu yake kuthibitisha ni yeye. Orodha ya watumiaji ulipewa wewe uisafishe, utoe walioacha kazi na waliofariki. Uliwatoa wote isipokuwa mmoja. Baadaye uliniambia ulimweka kando kwa sababu ulitaka kwanza kuongea na mimi. Kila jioni ulirudi ukitafuta pa kuanzia, ukaona nimeketi na redio, ukasema kesho. Mialiko ikatumwa kabla kesho hiyo haijafika.

Simu ya mama yako ilikuwa kabatini, nyuma ya vikombe. Niliichaji kila Jumapili na kuiwekea salio kidogo ili laini isichukuliwe. Siku hiyo iliwaka. Ujumbe ulisema: Akello Rose, akaunti yako iko tayari katika mfumo mpya. Bonyeza hapa kuthibitisha kuwa ni wewe.

Nilijua maana yake, Nekesa. Sitaki ufikirie kwamba nilikuwa mzee asiyeelewa. Nilielewa kwamba wengine wote walikuwa wamehama, na yeye alikuwa anaulizwa kama atabaki katika nyumba iliyozimwa. Nikabonyeza. Ikaniomba nenosiri, nikaandika jina lako.

Asubuhi iliyofuata Ssalongo akapiga simu hiyo hiyo, kwa kuwa namba ya kuthibitisha ilitumwa huko. Alishangaa kunisikia, kisha akashukuru, maana kazi ya kusahihisha ilikuwa imekwama. "Mzee, tusomee namba basi." Nikamsomea. Na kesho yake tena. Nikawa naamka, nanyoa ndevu, navaa shati safi, nakaa hapa na ile simu mbele yangu. Namba ikiingia naisoma polepole, tarakimu moja moja, na upande wa pili nasikia kaunta ikifunguliwa, sanduku likiburutwa, mtu akisema haya, imekubali. Ndipo nakunywa chai. Ulidhani nimeanza kupona. Ulimwambia shangazi yako hivyo, nilikusikia. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo.

Nilikuwa nikimpeleka mke wangu kazini.

Ndipo ukapotea ule mzigo wa simu za mfanyabiashara aliyetuma Mbarara. Ukaguzi ukaonyesha kwamba mji ulibadilishwa baada ya mzigo kupokelewa, na aliyebadilisha ni Akello Rose. Wakauliza Akello Rose ni nani. Wakaambiwa ni marehemu. Wakauliza ni nani aliyemhamisha marehemu akiwa na ruhusa zake zote. Wakakuta orodha iliandaliwa na binti yake.

Ulirudi nyumbani mchana, na kitambulisho chako cha kazi wamekichukua. Ulisema tu kwamba umepumzishwa wakati wanachunguza. Mimi nilikuwa najua palepale. Ningeweza kusema palepale. Lakini niliwaza kwamba nikisema, kesho asubuhi namba haitaingia kwenye ile simu. Nikakuuliza kama umekula.

Siku zikapita hivyo. Ulioga, ukavaa, ukakaa kitandani na viatu miguuni, huna pa kwenda. Mimi nikiwa chumba cha pili nilishusha sauti nikimsomea Ssalongo namba. Naye hakuthubutu kusema huko ofisini, kwa sababu wote pale kaunta walikuwamo. Tulikuacha wewe peke yako ubebe. Nataka uyasome haya kwa maandishi yangu, usije ukadhani siku moja kwamba sikuona.

Kumbe ulikuwa umeshajua. Mfumo mpya huandika namba ya kuthibitisha ilikwenda kwenye simu gani, na walipokuhoji walikuonyesha namba ya simu uliyoijua tangu utoto. Hukuwaambia. Ulikuja ukakaa kiti hiki ninachokikalia sasa, ukasema, "Baba, naomba simu ya mama."

Nikaitoa nyuma ya vikombe. Uliishika kwa mikono miwili. Nilingoja unigombeze, ningepata nafuu. Ukauliza, "Asubuhi wanakupigia saa ngapi?" Nikakwambia. Ukasema, "Kesho wakipiga, utakuwa ofisini pamoja na mimi."

Tulikwenda. Nilimweleza meneja kama nilivyokueleza hapa, isipokuwa habari za viatu. Ssalongo aliitwa naye akasema ya kwake, akiangalia sakafu. Mzigo wenyewe ulikuwa umeshaonekana Mbale, umekaa kwenye rafu unangoja mtu. Yule binti wa kaunta, akisahihisha, alichagua mji wa juu kwenye orodha badala ya wa chini yake. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na jina la mtu ambaye hangeweza kujieleza.

Meneja alisema akaunti ataifunga mwenyewe, ni kubonyeza mara moja tu. Akageukia kompyuta yake. Wewe ukasema, "Baba ndiye aliyeifungua. Mpe aifunge."

Alisita, kisha akanigeuzia kompyuta. Simu ikatetemeka mkononi mwangu. Nikaisoma ile namba kama nilivyozoea, tarakimu moja moja, kwa sauti, ingawa mlikuwa mmesimama karibu na hapakuwa na haja ya sauti. Wewe ukaiandika. Jina lake likatokea juu ya kioo, na picha yake ya kitambulisho, ile aliyofumba jicho moja. Ukaniwekea kidole mahali pa kubonyeza, ukaondoa chako.

Nilidhani huo ndio mwisho wake pale. Ni wewe uliyenionyesha kwamba sivyo. Ulikaa wiki yako ya mwisho, ukiwa na barua ya onyo tayari na mkataba ambao hawatauongeza, ukachambua kazi zote zilizokuwa chini ya jina lake. Ile siku aliyotoka kaunta mara ya mwisho akisema kichwa kinamuuma, ukaifanya mpaka. Vifurushi vyote vilivyoandikwa baada ya hapo ukavitoa jina lake, ukaandika mtumishi hajulikani. Vya kabla yake ukaviacha. Bosi wako alitaka majina ya wote walioondoka yafutwe yawe neno moja, kurahisisha, ukamwomba, akakubali. Jioni ukaniambia huku unamenya matoke, bila kuinua macho, kwamba sasa kifurushi chochote chenye jina la Akello Rose ni yeye kweli aliyekipokea.

Niliingia chumbani kwangu nikakaa kitandani. Kwa miaka ile yote nilidhani nalilinda jina lake, na kumbe niliruhusu kila mtu alivae. Wewe uliliwekea mpaka, naye akawa mwenyewe tena. Sijui kama shuleni wanafundisha hilo, au ulilipata kwake.

Huko uendako utakutana na majina kama hayo. Bima wana marehemu wengi kuliko mabasi. Sina la kukufundisha juu ya kazi. Ila ukikuta akaunti ambayo ilipaswa kulala na bado inatembea, kumbuka kwamba pengine kuna mtu mahali fulani amevaa shati safi anangoja simu. Ifunge. Lakini kama inawezekana, mtafute kwanza. Wewe ulichelewa kuniambia kwa sababu ya huruma, nami nilichelewa kukuambia kwa sababu ya woga, na tulichelewa kiasi kilekile.

Kuna jambo moja limebaki, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Ile simu ilikuwa ikipigwa jioni pia. Sio na Ssalongo. Nilikuwa nasikia inatetemeka kule nyuma ya vikombe, vikombe vikigongana kidogo. Mara ya kwanza nilifungua kabati nikaona jina kwenye kioo, kama yeye alivyoliandika: Nekesa wangu. Ulikuwa umekaa nje kwenye ngazi. Nilikuona kupitia dirisha hili, na simu sikioni. Ikaita mpaka ikakoma. Ukaingia ukaniuliza kama tuna mkaa wa kutosha.

Ulijua laini iko hai kwa sababu ilikuwa inaita. Ulijua ni nani anayeichaji. Mimi nilijua ni nani anayepiga. Nikaona kwamba nikipokea nitakuwa nimeingia mahali pako na mama yako ambapo sikualikwa, na siku nyingine zote nikaiacha iite, nikaongeza sauti ya redio ili usijue kwamba nasikia. Ningeweza kufungua mlango nikakaa kando yako kwenye ngazi. Ilikuwa hatua chache tu. Hilo ndilo kosa langu kubwa, Nekesa, na ofisi yenu haina habari nalo.

Kesho basi litapita Busia, karibu na alikolala mama yako. Ukiona usingizi umekushika, lala. Yeye hatakulaumu kwa kupita. Mimi nitakwenda huko Desemba kupalilia kaburi.

Nimeacha kuiwekea salio ile laini. Kampuni ya simu wataichukua wampe mtu mwingine, ndivyo wanavyofanya. Kwa hiyo jioni moja ukiwa mbali, ukipiga kama ulivyozoea, huenda sauti usiyoijua ikaitika. Usishtuke, wala usikate haraka. Msalimie mtu huyo, muulize ameshindaje, mwambie umekosea namba.

Kisha piga yangu. Si lazima uwe na la kusema. Simu yangu sasa nailaza hapa mezani, mbali na redio, na nitapokea.

Baba Nekesa